Kupiga Msasa na Kung'arisha Hitisinki ya Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mtu anapofungua kompyuta yake, akaona mikwaruzo chini ya hitisinki, yaani kile kipande cha metali chenye mapezi kinachoondoa joto kwenye prosesa, na kujiuliza kama msasa utamsaidia kushusha joto. Yanaanzia kwenye misingi na kuishia kwenye hali za pekee. Ukiwa na haraka, anza na swali la "Nitajuaje kama hitisinki yangu inahitaji msasa?", kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua kama mengine yanakuhusu.

## Mambo ya msingi

Kupiga msasa hitisinki ni kufanya nini hasa?

Ni kuusugua uso wa chini wa hitisinki, ule unaokutana na prosesa, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, mpaka uso huo uwe bapa kweli. Mapezi, feni na mirija haviguswi. Kung'arisha ni hatua ya hiari inayofuata: kuondoa mikwaruzo midogo iliyoachwa na msasa wa mwisho.

Watu wengi huchanganya ubapa na ulaini, na hapo ndipo jioni nzima hupotea bure. Ubapa ni umbo la uso mzima: je, katikati pamebonyea? Kona zimeinuka? Ulaini ni hali ya uso ukiutazama kwa karibu: je, una mifereji iliyoachwa na mashine? Uso unaweza kung'aa hata ukajiona sura yako humo, na bado katikati ukawa umebonyea. Mwingine unaweza kuwa wa kijivu, umefifia, lakini ni bapa kutoka ukingo hadi ukingo. Huu wa pili ndio utakaopoza vizuri.

Kwa nini uso usio bapa unapunguza upoaji?

Kwa sababu ya kile kinachojaza pengo. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 400 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Alumini safi ni karibu 237. Pesti nyingi za prosesa, yaani ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki, ziko kati ya 4 na 12. Hewa iliyotulia ni 0.026 tu. Maana yake pesti inaishinda hewa zaidi ya mara mia, lakini yenyewe inazidiwa na shaba kati ya mara 30 na mara 100. Pesti iko pale kuifukuza hewa, basi. Kila mahali ambapo metali mbili zingeweza kukaribiana lakini zimetenganishwa na pesti nene, joto linakwama.

Tupige hesabu. Chukua chipu yenye eneo la sentimita mraba 2 inayotoa wati 100, na juu yake tabaka la pesti ya kiwango cha 5 lenye unene wa mikromita 50 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tofauti ya joto kati ya upande mmoja wa tabaka hilo na mwingine ni nyuzi 5. Pengo likifika mikromita 100, ni nyuzi 10. Hiyo ni chipu tupu. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zina kifuniko cha shaba kinachotawanya joto kabla halijafika kwenye hitisinki. Kama joto lingeenea sawasawa kwenye sentimita mraba 10, zile mikromita 50 zingekugharimu nyuzi 1 tu. Hali halisi iko kati ya hizo mbili, kwa kuwa joto halifiki kwenye kona za kifuniko kama linavyofika katikati.

Basi nitegemee nafuu ya nyuzi ngapi?

Kama uso ulikuwa umebonyea waziwazi na prosesa inakula umeme mwingi, nyuzi 2 hadi 5 chini ya mzigo ni tegemeo la haki. Kama uso ulikuwa bapa tangu mwanzo, utapata nyuzi 1 au usipate kitu, na nyuzi 1 ni vigumu kuitofautisha na kosa la upimaji. Nafuu inapanda pamoja na wati: prosesa ya wati 35 haitaonyesha tofauti ambayo ya wati 200 ingeionyesha. Kompyuta ikiwa imetulia bila kazi, usitegemee kuona chochote.

Kama tatizo lako ni vumbi kwenye mapezi, feni iliyochoka au kasha lisilopitisha hewa, msasa hautakusaidia. Shughulikia hayo kwanza.

Si niongeze pesti tu?

Hapana. Pesti nyingi haipunguzi pengo, inalijaza tu, na ikizidi inazuia metali mbili zisikaribiane. Kiasi kinachofaa kimeelezwa kwenye swali la kurudisha hitisinki.

Kwani kiwandani hawaisawazishi?

Wanaisawazisha kwa kiwango kinachotosha matumizi ya kawaida. Ile mistari ya nusu duara unayoiona chini ya hitisinki mpya ni alama za kisu cha mashine. Hata ukiisikia kwa ukucha, madhara yake ni madogo, kwa sababu pesti inaingia humo na kuishia humo. Kinachodhuru ni mbonyeo au mpindo wa uso mzima, na huo hauonekani kwa macho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Watengenezaji wengine huzibinua hitisinki zao kidogo katikati kwa makusudi. Kifuniko cha prosesa kinapobanwa kwenye soketi kinaweza kupinda na kubonyea katikati. Soketi ya Intel ya LGA1700 inajulikana kwa hilo. Hitisinki iliyobinuka inakutana na mbonyeo huo na kubana pale joto lilipo. Noctua, watengenezaji wa hitisinki, walipotoa NH-D15 G2 mwaka 2024, waliitoa kwa matoleo matatu yanayotofautiana kwa kiasi cha mbinuko wa uso wa chini, ili kila mtu achague linaloendana na prosesa yake. Ukiipiga msasa hitisinki kama hiyo, unafuta kazi iliyofanywa kwa hesabu.

## Kabla ya kugusa msasa

Nitajuaje kama hitisinki yangu inahitaji msasa?

Kuna vipimo viwili, na vyote unaweza kuvifanya nyumbani.

Cha kwanza ni wembe. Safisha uso wa hitisinki, kisha simamisha makali ya wembe mpya juu yake huku taa ikiwa nyuma. Pima kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona pande zote mbili. Mwanga ukipenya katikati, uso umebonyea. Wembe ukibembea na mwanga ukatokea pembeni, uso umebinuka. Mwanga usipopita popote, au ukapita kama uzi mwembamba ulio sawa kila mahali, huna kazi ya kufanya.

Cha pili ni alama ya pesti, na mimi hukiamini zaidi kwa sababu kinapima nyuso mbili kwa pamoja, zikiwa zimebanwa kama zinavyobanwa kazini. Paka pesti kidogo, funga hitisinki kikamilifu, iache dakika chache, kisha ifungue kwa kuivuta moja kwa moja bila kuizungusha. Pale pesti ilipobaki nyembamba hata rangi ya metali inaonekana chini yake, mgusano ni mzuri. Pale ilipobaki nene na nyeupe au ya kijivu, kuna pengo. Pesti nene katikati na nyembamba pembeni ni dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu chipu yenyewe kwa kawaida iko maeneo ya katikati. Pesti nyembamba katikati na nene kwenye kona ni hali inayokubalika kabisa; iache hivyo.

Hitisinki zipi zisipigwe msasa?

Zile zenye mirija ya joto iliyo wazi chini, yaani ambazo ukizigeuza unaona michirizi ya shaba ikipishana na alumini, na michirizi hiyo ndiyo inayogusa prosesa. Ukuta wa mrija ni mwembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, na kiwandani umeshapunguzwa ili uwe bapa. Ndani mna maji kidogo sana katika mgandamizo mdogo, ndiyo maana yanachemka kwa joto la chini, yanakuwa mvuke, yanabeba joto hadi kwenye mapezi na kurudi yakiwa maji. Ukiutoboa, hewa inaingia na mzunguko huo unakufa. Unabaki na bomba tupu la shaba, na hakuna namna ya kulitengeneza.

Hitisinki zenye chemba ya mvuke, yaani kisanduku bapa kinachofanya kazi kama mrija huo, zina hatari ileile. Zilizobinuliwa kwa makusudi zimeelezwa hapo juu. Za laptopu na kadi za grafiki zina maswali yao huko chini.

Waranti itakuwaje?

Hesabu kwamba imekwisha. Uso uliopigwa msasa hauwezi kufichwa.

Nahitaji vifaa gani?

Kioo bapa chenye unene wa milimita 6 au zaidi, kikubwa kuliko karatasi ya msasa. Kioo cha kisasa cha dirisha kinafaa kwa sababu hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, hivyo kinapoa kikiwa bapa chenyewe. Kilaze juu ya meza iliyonyooka. Kikikaa juu ya meza iliyopinda, nacho kitapinda kidogo.

Msasa uwe wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa rangi za magari. Namba 400, 600, 800, 1000, na 2000 ukitaka; namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Zaidi ya hapo ni sabuni ya kuoshea vyombo, tepu, kalamu ya maka, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, vitambaa visivyoacha nyuzinyuzi, glovu na pesti mpya.

## Kazi yenyewe

Nianze na msasa namba ngapi?

Namba 400 kama kipimo kimeonyesha mbonyeo. Ukitaka kuondoa alama za mashine tu kwenye uso ulio bapa tayari, anza na 800. Namba za chini ya 400 zinakula haraka mno, na uso ukipotoka unapotoka haraka vilevile.

Shika jambo hili moja: msasa wa kwanza ndio unaotengeneza ubapa. Wote unaofuata unafuta mikwaruzo ya uliotangulia, hakuna zaidi. Kwa hiyo muda wako mwingi uutumie kwenye namba ya kwanza, na usiiache mpaka wino wa kalamu ya maka, unaoelezwa kwenye utaratibu hapa chini, ukuruhusu. Wanaokimbilia namba kubwa kwa hamu ya kuona mng'ao huishia kung'arisha mbonyeo uleule.

Naomba utaratibu wenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Ondoa feni na vishikizo vyote. Funika mapezi kwa mfuko wa plastiki na kuubana kwa tepu ili tope la metali lisiingie humo. Lowesha kioo, laza msasa, nao utanata kwa maji. Bana kingo zake kwa tepu. Mwagia maji yenye tone la sabuni.

Chora miraba kwa kalamu ya maka kwenye uso wa chini wa hitisinki. Ilaze juu ya msasa kwa upole. Ishike chini kabisa, vidole vikikaribia msasa, maana ukiisukuma kutoka juu inaegemea mbele na ukingo wa mbele unaliwa kuliko sehemu nyingine. Isogeze kwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, takriban mara kumi, kisha izungushe robo duara na kurudia. Ikimaliza duara zima, iinue uitazame.

Hapo ndipo uso unapojieleza. Wino umetoka kwenye kona zote nne na umebaki katikati? Pamebonyea. Umetoka katikati ukabaki kwenye kona? Pamebinuka. Kwenye hitisinki iliyopakwa nikeli utaona hata bila wino: rangi ya fedha inaanza kutoweka pembeni, shaba nyekundu inajitokeza, na katikati kinabaki kisiwa cha nikeli kinachopungua kila unapoizungusha, huku maji juu ya kioo yakigeuka rangi ya udongo mwekundu. Kisiwa hicho kikiisha, chora wino upya. Ukitoka sawasawa kila mahali ndani ya misogeo michache, ubapa umepatikana.

Sasa nenda namba inayofuata. Suuza hitisinki, kioo na mikono kwanza, kwa sababu chembe moja ya namba 400 ikibaki kwenye msasa wa 1000 itachora mkwaruzo utakaokurudisha nyuma. Kila namba mpya ipige kwa mwelekeo unaokatiza mikwaruzo ya iliyotangulia, nawe utaona wazi ile ya zamani imekwisha lini.

Nikandamize kwa nguvu?

Usikandamize. Hitisinki kubwa ya mnara ina uzito wa kutosha wenyewe. Ndogo inahitaji vidole tu juu yake. Nguvu inaukunja uso mwembamba wakati wa kusugua, nao ukiachiwa unarudi katika umbo jingine.

Nisugue kwa duara, kwa namba nane au kwa mistari?

Zote zinafanya kazi, mradi uizungushe hitisinki mara kwa mara ili mkono wako usiulemee upande mmoja. Mimi napendelea mistari kwa sababu mikwaruzo yake inasomeka.

Kwa maji au kwa ukavu?

Kwa maji daima. Maji yanaondoa unga wa metali usizibe msasa, na yanazuia vumbi lisiingie mapafuni. Kwa alumini kuna sababu ya ziada: unga wake mkavu ukiwa laini sana unaweza kushika moto.

Naweza kutumia mashine ya msasa ili niwahi?

Hapana. Kitako cha mashine hiyo ni laini na kinabonyea, hivyo kinazila kingo na kukuachia uso wa mviringo. Msasa ulioshikwa mkononi bila kioo chini yake una kasoro hiyohiyo.

Nikeli imetoka na shaba iko wazi. Itaharibika?

Itabadilika rangi tu. Nikeli hiyo ina unene wa mikromita chache na kazi yake kubwa ni kuizuia shaba isipoteze rangi. Chini ya pesti hewa haifiki kwa wingi, na pembeni ambapo shaba itakuwa ya kahawia hapapitishi joto la maana. Kisiwa cha nikeli kilichobaki nje ya eneo linalogusa prosesa hakina shida. Huna sababu ya kukifuatilia. Onyo pekee ni kwa wanaotaka kutumia metali kimiminika badala ya pesti, na lina swali lake.

Niishie namba ngapi?

Kwa upoaji, 1000 inatosha. Namba 2000 ni kwa anayefurahia kazi safi, na hilo nalo ni jambo zuri.

## Kung'arisha

Ni lazima ing'ae kama kioo?

Si lazima. Kwa kipimo cha Ulaya chenye herufi P, chembe za msasa namba 400 zina wastani wa mikromita 35, za 1000 karibu 18, na za 2000 karibu 10. Kina cha mkwaruzo ni kidogo sana kuliko ukubwa wa chembe iliyouchora. Pesti nayo ina chembe zake ndani, nazo zinaweka mpaka wa wembamba ambao tabaka linaweza kufikia. Ukishafika 1000, mikwaruzo iliyobaki ni midogo kiasi kwamba kuiondoa hakubadilishi unene wa pesti kwa namna utakayoiona kwenye kipimo cha joto. Mng'ao ni jinsi uso unavyorudisha mwanga, wakati joto hapa linapita kwa mgusano.

Nikitaka kuing'arisha hata hivyo, nitumie polishi ya metali?

Unaweza, ukiwa na tahadhari mbili. Kwanza, kitambaa laini kilichokunjwa mkononi kinaingia kwenye kingo na kuziviringa, ukaharibu ubapa ulioutafuta kwa jasho. Kivute kitambaa chembamba juu ya kioo, kibane, usugulie hapo, tena kwa muda mfupi. Pili, polishi nyingi zina nta na mafuta ambayo hubaki kama utando usioonekana. Safisha kwa spiriti, badilisha kitambaa, rudia, mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe.

Dawa ya meno je?

Inatoa mng'ao kidogo na kuacha mabaki ya kusafisha. Haisawazishi chochote.

## Kurudisha hitisinki na kupima

Niisafisheje kabla ya kuifunga?

Ioshe kwa maji na sabuni, ukipitisha maji mengi kwenye mapezi hata kama uliyafunika. Ikung'ute, ipulize kwa hewa, kisha iache ikauke kabisa. Hatua hii usiifanye kwa pupa: unga wa shaba unapitisha umeme, na punje ikidondoka kutoka kwenye mapezi hadi kwenye mazabodi inaweza kuunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana. Kwa sababu hiyohiyo kazi yote ya msasa ifanyike mbali na kompyuta iliyofunguliwa. Mwisho pangusa uso kwa spiriti na usiuguse tena kwa kidole.

Pesti kiasi gani, na skrubu nizikaze vipi?

Pesti iwe kidogo kuliko ulivyozoea, kwani sasa pengo ni dogo. Tone lenye ukubwa wa punje ya njegere linatosha prosesa nyingi. Zenye kifuniko kikubwa cha mstatili zinahitaji mstari mfupi. Kaza skrubu kwa kukatiza, kona hii kisha inayotazamana nayo, mizunguko michache kwa zamu, ili hitisinki ishuke ikiwa imenyooka.

Nitapimaje kama kazi imelipa?

Pima kabla na baada, katika hali zilezile: pesti ya aina moja, feni katika kasi moja iliyofungwa, mzigo mmoja. Kwenye Windows, programu ya HWiNFO inasoma joto, wati na kasi. Kwenye Linux kuna lm-sensors. Mzigo upe kwa programu kama Prime95 au stress-ng, usubiri robo saa au zaidi mpaka joto liache kupanda. Andika na joto la chumba, kisha linganisha ile tofauti ya juu ya joto la chumba, kwa kuwa chumba chenyewe kikipoa nyuzi 3 utadhani msasa ndio uliofanya kazi. Fungua na kufunga hitisinki zaidi ya mara moja, maana ufungaji peke yake unaweza kubadilisha matokeo kwa nyuzi moja au mbili.

Kuna mtego kwenye prosesa za sasa. Nyingi hujiongezea kasi mpaka zifike kikomo cha joto. Prosesa nyingi za AMD za Ryzen 7000, kwa mfano, zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 95 na kubaki hapo. Ukiipoza vizuri zaidi inakula umeme zaidi na kwenda kasi zaidi, na kipimo cha joto kinabaki palepale. Tazama wati na kasi pamoja na joto, au weka kikomo cha wati kisichobadilika kabla ya kulinganisha.

Joto limepanda baada ya kazi. Nimeharibu wapi?

Kwanza hakikisha feni imechomekwa na skrubu zimefika mwisho. Kisha fanya kipimo cha alama ya pesti. Pesti nene upande mmoja ina maana hitisinki imekaa upande au ukingo mmoja uliliwa. Nene pande zote mbili zinazokabiliana, nyembamba katikati, yaelekea uliibembeza wakati wa kusugua. Nene katikati, wakati wembe unaonyesha hitisinki ni bapa, ina maana kifuniko cha prosesa ndicho kilichobonyea, na huenda hitisinki ilikuwa imebinuliwa kwa makusudi ili kukifuata. Kasoro mbili za kwanza hurekebishwa kwa kurudi kwenye namba 400. Ya tatu haina dawa kwenye msasa wa hitisinki.

Alama ikiwa nzuri na joto bado liko juu, safisha upya kwa spiriti. Huenda utando wa polishi umebaki.

## Hali za pekee

Naweza kukipiga msasa kifuniko cha prosesa chenyewe?

Inawezekana, na zamani ilikuwa desturi kubwa. Prosesa ya Intel ya Q6600, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa kipenzi cha wapiga msasa kwa sababu vifuniko vyake vingi vilikuwa vimebonyea. Leo sishauri. Maandishi na namba za utambulisho zinafutika, hivyo prosesa haiuziki kirahisi na waranti inakufa. Maji na unga wa metali vinaweza kufikia sehemu za mguso wa umeme. Tena, kifuniko kilichosawazishwa kikiwa nje ya soketi kitapinda tena kikibanwa. Kwa LGA1700, fremu ya kubania inayowekwa badala ya kishikizo cha asili inatibu chanzo, bila kukwangua chochote.

Chipu tupu ya silikoni usiiguse kwa msasa kamwe.

Na hitisinki ya laptopu au ya kadi ya grafiki?

Iache. Kwenye vifaa hivi bamba moja mara nyingi linagusa chipu kuu kupitia pesti, na chipu za kumbukumbu pamoja na sehemu za umeme kupitia pedi laini zenye unene uliopimwa. Ukipunguza hata sehemu ya kumi ya milimita pale panapogusa chipu kuu, pedi zinabaki zimeinyanyua hitisinki na pengo linaongezeka mahali ulipotaka lipungue. Bamba la laptopu pia ni jembamba na linapinda mkononi. Badilisha pesti na pedi kwa unene uleule, inatosha.

Kipozaji cha maji kinapigwa msasa?

Bamba lake la shaba linaweza kupigwa, lakini mara nyingi limebinuliwa kwa makusudi, na kwa ndani lina mapezi madogo yaliyochongwa kwenye shaba hiyohiyo. Usianze kabla alama ya pesti haijakuonyesha kasoro, na anzia namba 800. Kifaa kilichofungwa kiwandani kina nyaya za pampu, zifunike zisilowe.

Hitisinki yangu ni alumini tupu. Kuna tofauti?

Alumini inaziba msasa haraka, kwa hiyo ongeza maji na ubadilishe karatasi mapema. Utando wa oksidi unaojitengeneza upya mara tu baada ya kusugua ni mwembamba mno kuathiri joto.

Nataka kutumia metali kimiminika baada ya msasa. Sawa?

Juu ya alumini, marufuku. Metali hiyo ina galiamu, na galiamu hupenya ndani ya alumini na kuidhoofisha mpaka ikavunjika kwa vidole. Juu ya shaba iliyo wazi haiharibu kwa namna hiyo, ila inafyonzwa taratibu, inaacha madoa ya kijivu yasiyotoka, na baada ya muda tabaka linakauka likahitaji kupakwa tena. Nikeli inaistahimili vizuri zaidi. Anayejua kwamba anaelekea huko aiache nikeli yake mahali pake, asipige msasa.

Je, nitarudia kazi hii kila ninapobadilisha pesti?

Hapana. Uso uliokwisha kuwa bapa hauchakai kwa kukaa juu ya prosesa. Ukibadilisha pesti, futa ya zamani kwa kitambaa na spiriti, usiikwangue kwa kitu cha chuma, paka mpya ufunge. Ukihamisha hitisinki kwenda kwenye prosesa nyingine, fanya kipimo cha alama ya pesti upya, kwa sababu kifuniko cha prosesa hiyo kinaweza kuwa na umbo lake.